Kachumbari Bila Pilau

Daktari wa upasuaji kule Malindi alikuwa binti mdogo kuliko Hanan, mtoto wa kwanza wa Roba, lakini hakuzungusha maneno. Alimlaza Roba kitandani, akambonyeza chini ya kitovu, akamwambia akohoe, kisha akamwambia avae shati. Ngiri imeshakuwa kubwa, alisema, na dawa yake ni kushonwa. Ila kwa uzito ule hatamgusa kwa kisu. Tumbo zito huachanisha nyuzi kabla kidonda hakijapona, na dawa ya usingizi nayo humsumbua mtu mnene. Apunguze kilo kumi na tano kwanza, halafu arudi.

"Nipunguze vipi?" Roba aliuliza.

"Kwa chakula. Mboga kwa wingi, na nyingine uzile mbichi. Nyama kidogo, wali kidogo. Samli uiache."

Roba akamgeukia mkewe, Bishara, akamtazama kana kwamba maneno hayo yametoka kwake.

Roba alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la mifugo la Garsen. Alikula kama walavyo watu wa kazi yake: nyama ya kuchemsha asubuhi, wali unaong'aa samli mchana, chai ya maziwa matupu kila alipokutana na mtu wa kunywa naye, na alikutana na wengi. Kwao, upande wa mbuga, majani yalikuwa chakula cha mnyama, na mnyama ndiye chakula cha mtu; mpango huo haukuwa na kasoro. Mboga ikiingia kwenye sahani yake, basi ni kijiko kimoja cha kachumbari pembeni mwa pilau, siku ya idi au ya harusi.

Kwa hiyo siku ya kwanza Bishara alipomwekea sahani, Roba aliitazama kwa muda kabla ya kunyoosha mkono.

"Hii ni nini, Mama Hanan?"

"Kachumbari."

"Kachumbari naiona. Pilau iko wapi?"

"Hakuna pilau."

"Kachumbari hufuata kitu," Roba alisema. "Hii inafuata nini?"

Bishara alimsogezea sahani. Alikuwa amekata kabichi nyembamba kama nywele, akatia nyanya, tango na kitunguu, akakamulia ndimu na kunyunyiza chumvi. Yeye mwenyewe alikuwa ameamua kula chakula kile kile, maana hakuona haki kumpikia mume majani huku yeye analamba samli upande wa pili wa mkeka. Walitafuna pamoja. Kabichi ililia kwenye meno kama nyasi kavu. Roba alifika nusu ya sahani, akasema taya zimechoka, akaenda zake sokoni.

Hali iliendelea hivyo. Bishara aliona wazi kwamba mboga zenyewe hazikuwa na kosa. Zilikosa kitu cha kuzibeba. Wali mtupu nao haupandi bila mchuzi, na hakuna anayeulaumu wali. Alihitaji mchuzi wa mboga mbichi, kitu kizito kidogo, chenye ladha, cha kumfanya mtu anyooshe mkono mara ya pili.

Alimweleza Gladys. Gladys alikuwa mkulima wa Hewani aliyeleta mboga zake Garsen na kuzipanga juu ya gunia karibu na barabara. Yeye na Bishara walijuana miaka mingi: maziwa yalikwenda, mboga zikaja. Mwaka ule wa fujo kati ya wafugaji na wakulima, soko lilipofungwa, walipoteana kabisa. Lilipofunguliwa Gladys alirudi na ndizi, Bishara na kibuyu, wakaendelea pale walipoachia bila kuzungumza sana.

"Mahoteli ya Malindi wanatia mayonezi," Gladys alisema. "Nyeupe, iko kwa chupa. Dada yangu alifanya kazi huko. Anasema wazungu wanakula majani mpaka wanaomba tena."

Bishara alimtuma mtu Malindi, akaletewa chupa kubwa. Siku hiyo Roba alimaliza sahani. Aliifuta kwa kidole. Kesho yake aliuliza mapema, kabla hata ya kuvua viatu, kama ile nyeupe ingalipo. Wiki hiyo alikula kabichi nyingi kuliko alizokula maishani mwake, na kila alipokula aliinua chupa na kuikung'uta mpaka mboga zikafunikwa. Bishara alifurahi. Alimpigia simu Hanan, aliyeolewa Hola, kumwambia babake amekuwa mla mboga.

Zahanati ya pale Garsen ilikuwa na mizani, na daktari wa Malindi alikuwa amesema Roba apimwe pale mara kwa mara. Muuguzi aliyewahudumia alikuwa Charity, mwanamke wa Ndera, mpole lakini asiyefichika anapokasirika. Alimpandisha Roba kwenye mizani, akasoma, akamshusha, akampandisha tena.

"Mzee, umeongezeka."

"Haiwezekani, sista," Bishara aliruka. "Anakula mboga tu. Mimi ndiye ninayempa."

"Mboga na nini?"

Bishara akaeleza. Charity akamtuma nyumbani kuleta chupa. Alipoiona aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Mafuta," alisema. "Ndiyo yaliyomo humu kuliko kitu kingine chochote. Kijiko kimoja cha hii hakijapishana sana na kijiko cha samli. Anatia vijiko vingapi?"

Bishara na Roba wakatazamana.

"Huwa sitii kwa kijiko," Roba alikiri.

Charity alijaribu kutocheka, akashindwa, wakacheka wote watatu. Kisha akakaa chini na kuwaeleza vizuri. Alisema wengi hukosea hapo hapo. Mtu anaacha nyama, anavumilia majani, halafu anayamwagia mafuta ya kumnenepesha kuliko hiyo nyama aliyoiacha. Sosi isiwe adui, alisema. Mboga tupu hazina anayezipenda, na mtu akizichukia atazikimbia. Atafute kitu chenye ukali, chenye harufu, chenye uchachu. Ulimi ukichangamka hautaulizia mafuta.

Bishara alirudi nyumbani akiwa na hasira na ile chupa, lakini pia akiwa na kazi mkononi. Na yeye alikuwa mtu wa kupenda kazi akishaielewa.

Alianza na siki. Roba alionja, akakunja uso, akasema inanuka kama dawa ya kunyunyizia kunguni. Siki ikaenda kwa jirani.

Akafuata ukwaju. Aliuloweka, akaukamua, akaupika kidogo na kitunguu saumu, pilipili na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Huo ulikuwa mtamu kweli. Roba aliula kwa kabichi na kwa tango, akaula hata kwa kidole. Lakini ukali wa ukwaju ulidai sukari, na kila siku Bishara alijikuta anaongeza kijiko, mpaka Charity alipouonja akamtazama kwa jicho la pembeni. Alipopunguza sukari, uchachu ukampandia Roba kifuani. Alikuwa akiamka na kiungulia na kulaumu kila mtu.

Wazo lililofaa lilimjia Bishara akiwa katikati ya kazi aliyoifanya kila siku. Alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, apate siagi ya kuyeyusha samli ya kuuza. Siagi ilipojikusanya, aliiopoa kama kawaida, akaiweka kando. Kwenye kibuyu ukabaki mtindi: mwembamba, mchachu, umenyang'anywa unono wake wote. Mara nyingi mtindi huo waliunywa watoto wa jirani. Bishara alisimama na kibuyu mkononi, akatazama kile kilichobaki, akatazama siagi kwenye bakuli. Mafuta yamo humo, alijiambia. Basi humu hayamo.

Aliuchuja mtindi kwa kitambaa ili uwe mzito. Akatwanga kitunguu saumu na chumvi, akatia pilipili mbichi moja, dania iliyokatwa sana, ndimu, na ile bizari kavu. Akakoroga, akaonja. Akaongeza dania. Akaonja tena, akakaa chini kwenye kigoda akala bakuli zima la matango peke yake, halafu akaanza upya ili mumewe apate.

Roba alionja. Alikula mpaka mwisho, akaegemea ukuta.

"Umetia samli?"

"Hata tone."

"Umetia kitu."

"Nimetia mtindi."

"Mtindi huu huu wa kibuyu?" Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii tulikuwa tunawapa watoto!"

Charity naye alipelekewa kwa kikopo. Alionja, akauliza maswali, akaonja tena, akasema hii iendelee na kikopo kibaki. Mizani ikaanza kushuka, polepole lakini ikashuka.

Baadaye maji ya mto yakapanda. Mashamba ya Hewani yalizama na nyanya za Gladys zikaenda na mafuriko. Kwa wiki kadhaa gunia lake lilikuwa na alichoweza kuokoa tu: majani ya kunde, maboga, na maembe mabichi yaliyoanguka kwa upepo. Bishara aliyachukua yote. Kunde aliichovya kwenye maji ya moto na kuitoa haraka, pojo, ile choroko ya akiba ndani, aliichemsha isivunjike, na embe bichi alilikuna akalichanganya na mtindi badala ya ndimu. Ndipo alipopata sosi iliyozipita zote. Uchachu wa embe ulikuwa na harufu yake, haukuuma koo, na ukikutana na pilipili ulimfanya mtu apumue kwa mdomo na kuomba zaidi.

Kwa kuwa Roba hakupenda kurudi nyumbani mchana siku za mnada, Bishara alianza kumfungashia. Mboga kwenye hotipoti, sosi kwenye kikopo chenye kifuniko. Jioni vyombo vilirudi vitupu, vimefutwa safi. Aliviosha kwa raha.

Lakini mizani ilisimama. Kisha ikapanda kidogo.

Bishara hakuelewa. Alidhani siagi inabaki kwenye mtindi, akawa anauchuja mara mbili. Akapunguza pojo. Akapunguza chumvi, maana Charity alisema chumvi hushika maji mwilini. Akaacha kabisa kuonja anapopika, kana kwamba ulimi wake ndio unaomnenepesha mumewe. Kila walipokwenda zahanati Roba alipanda mizani kwa utulivu na kushuka kwa utulivu, na Charity aliandika na kukuna kichwa kwa kalamu. Bishara mwenyewe gauni lilikuwa linamcheza. Mtu mmoja chakula kinamkondesha, mwenzake hapana. Alilala akiwaza makosa yake.

Jibu alilipata kwenye gunia la Gladys. Maji yalikuwa yameshateremka na barabara kukauka, na Gladys alikuwa amerudi na nyanya chache za kwanza. Bishara alikuwa anazichagua pale Adano alipofika. Adano alikuwa dalali mwenzake Roba, mtu mkubwa, mwenye kitambi kilichojulikana Garsen nzima. Siku hiyo kitambi hakikuwapo. Shati lilining'inia, na mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya, mbali na mengine.

"Mama Hanan!" alisema kwa furaha. "Nimekuwa nikitaka nikuone nikushukuru. Mungu akuzidishie hiyo mikono."

"Kwa lipi, Adano?"

"Kwa chakula. Ile ya jana, ya embe! Wallahi nilikula mpaka nikatokwa na machozi. Ila kama ungeongeza pilipili moja tu, hivi..." Akabana vidole kuonyesha ukubwa wa pilipili. "Magoti yangu hayaumi tena. Mke wangu anauliza nimepewa dawa gani."

Gladys aliinamia nyanya zake, akawa anazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangwa.

"Ya jana," Bishara alisema.

"Ya jana, na ya juzi ilikuwa nzuri pia."

"Na Roba, jana alikula nini?"

Adano alifungua mdomo. Ndipo alipoanza kuelewa alichokifanya, na uso wake ukabadilika taratibu. "Roba? Roba... alikula kidogo. Pale kwa mwenye hoteli. Unajua siku ya mnada watu wengi." Akalipa nyanya ambazo hakuzichagua, akaondoka kwa haraka ambayo umbo lake la zamani lisingeiweza.

"Pole, dada," Gladys alisema.

"Sosi ilikuwa inafanya kazi," Bishara alisema. Hakujua acheke au alie. "Gladys, ilikuwa inafanya kazi muda wote. Ila kwa mtu mwingine."

Alikwenda nyumbani na maneno yake yamepangwa. Alikuwa na mengi: kuhusu mtindi aliouchuja mara mbili, kuhusu aibu mbele ya sista, kuhusu vyombo vilivyofutwa safi. Baada ya swala ya alasiri Roba alirudi, akaketi uani kwenye benchi. Bishara aliketi kando yake.

"Adano amekonda," alianza.

Roba akainama kulegeza viatu.

"Amekonda vizuri. Ametoboa mkanda. Chakula changu kimemfaa."

Mumewe alitazama viatu vyake. Kwa ukubwa wake wote, wakati huo alionekana mdogo.

"Chakula hakina kosa," alisema mwishowe. "Usidhani ni utamu. Ile ya dania naipenda. Ile ya embe naipenda zaidi. Nikimpa Adano huwa najitolea kijiko kwanza."

"Basi ni nini?"

"Nikikonda watanipasua."

Bishara aligeuka kumtazama.

"Khalid aliingia chumba kile kwa miguu yake mwenyewe," Roba alisema. Khalid alikuwa ndugu yake mdogo, aliyefariki miaka mingi nyuma. "Alikuwa anaumwa tumbo, ndiyo, lakini alitembea. Akavua kofia akanipa nimshikie. Akasema, usiipoteze, nimeinunua juzi. Nikakaa nje na ile kofia. Walipotoka kuniita nilijua kwa jinsi walivyotembea. Sasa huyu binti ananiambia nipunguze kilo ndipo anipasue. Nikaona, kumbe mlango wa kutokea ni huu. Nisipopunguza, hawapasui. Na hakuna atakayesema Roba ameogopa. Watasema Roba anapenda nyama."

Bishara alikuwa ameolewa katika familia ile Khalid akiwa hai. Alijua siku aliyokufa, alijua kaburi lake, alikuwa amepika matangani. Habari ya kofia hakuwahi kuisikia. Hasira aliyokuja nayo ikakosa mahali pa kukaa.

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba mimi ninayemshika fahali pembe namwogopa mtoto aliyevaa glavu?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo." Akamsogelea. "Na mimi naogopa, Baba Hanan. Naogopa ukiwa sokoni ngiri ikatoka ikagoma kurudi. Sista alinieleza. Utumbo ukibanwa humo unaoza, na kutoka hapa hadi Malindi ni mbali. Wewe unaogopa chumba. Mimi naogopa barabara."

Walikaa hapo mpaka jua likapungua ukali. Roba hakuahidi kitu, na Bishara hakumdai ahadi. Ila siku iliyofuata, akiwa anavaa, alisema anataka kumwona tena yule daktari. Si kupimwa. Kumuuliza.

Walikwenda. Daktari alishangaa kuwaona kabla ya wakati, na alishangaa zaidi Roba alipokaa kwenye kiti na kukataa kitanda.

"Ndugu yangu alikufa kwenye upasuaji wa tumbo," Roba alisema. "Nataka kujua kwa nini."

Daktari aliuliza alikuwa anaumwa nini. Utumbo ulitoboka, Roba alisema. Alikaa nyumbani kwa muda gani akiumwa kabla ya kupelekwa? Roba alifikiri. Alikaa muda mrefu. Walidhani ni gesi, wakampa dawa za miti. Alipopelekwa tumbo lilikuwa limekuwa gumu kama ubao.

"Mimi sikuwapo, siwezi kumsemea aliyemtibu," daktari alisema. "Lakini mtu anayefika katika hali hiyo amefika nyumba ikiwa imeshashika moto. Wewe unakuja moto haujawashwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Siwezi kukuahidi kitu ambacho ni cha Mungu. Naweza kukueleza nitakachofanya."

Akamweleza. Alitumia ukingo wa koti lake jeupe kumwonyesha jinsi ukuta wa tumbo ulivyochanika, na jinsi atakavyotia kiraka kwa ndani kama fundi cherehani, kisha ashone. Roba aliuliza kiraka hicho kimetengenezwa na nini. Akauliza nani atakayemlaza usingizi, na kama mtu huyo atakuwapo chumbani muda wote au atatoka kunywa chai. Akauliza mfugo unaopasuliwa huamka huku unapepesuka, je, mtu? Daktari alijibu yote bila kuchoka. Mwishoni Roba akaegemea mbele, uso wake ukawa ule wa mnadani.

"Hizo kilo kumi na tano. Haziwezi kuwa kumi?"

"Mzee," daktari alisema, "hapa hatuuzi ng'ombe."

Roba akacheka. Bishara alikuwa hajamsikia akicheka hivyo kwa muda.

Kuanzia hapo alikula chakula chake mwenyewe. Haikuwa rahisi, wala hakugeuka malaika. Harufu ya nyama choma ilimtesa, na siku moja alikiri kwamba alisimama nje ya hoteli akivuta pumzi tu. Adano naye hakutaka kuachishwa, akaja mwenyewe nyumbani kuomba radhi na hotipoti tupu mkononi. Basi Bishara akawa anafunga mbili. Madalali wengine waliwacheka mwanzoni, wakaulizana kama hao wawili nao watanadiwa pamoja na mbuzi. Roba aliwajibu kwamba bei yake hawaiwezi. Baadaye mmoja aliomba kuonja.

Gladys ndiye aliyeleta wazo la mwisho. Nyanya zake zilipokuwa tele, alimwambia Bishara azichome kwenye makaa mpaka maganda yawe meusi, azimenye, azitwange na kitunguu saumu na pilipili. Mamake alikuwa akifanya hivyo kwa samaki wa mtoni. Bishara alijaribu. Ilikuwa sosi nzito yenye harufu ya moshi, na ndani yake hakukuwa na mafuta hata kidogo. Roba alisema ukifumba macho unaweza kudhani kuna nyama mahali karibu. Aliila kwa kabichi, kwa maharage, kwa mayai ya kuchemsha. Ile ya mtindi haikuachwa. Zilipokezana, leo hii, kesho ile, ili ulimi usizoee.

Mizani ilishuka. Charity aliisoma siku moja, akamshika Roba mkono kama wanavyoshikana wanaume, akapiga simu Malindi hapo hapo.

Asubuhi ya upasuaji Bishara aliketi kwenye benchi la korido. Roba aliingizwa akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho wazi, midomo ikisoma dua. Bishara aliinuka. Alimshika kidole cha mguu kilichotoka kwenye shuka, akakiachia kitanda kilipopita mlango. Kando yake aliketi mwanamke kutoka Ozi aliyemleta mamake kwa jicho. Waliongea juu ya mvua, juu ya bei ya samaki, juu ya viboko waliokuwa wanakula mpunga kule kwao. Bishara aliitikia yote na hakusikia hata neno.

Daktari alipotoka, Bishara alitazama kwanza anavyotembea. Alitembea haraka, akivua kofia yake ya kijani, kama mtu anayekwenda kunywa maji.

"Imekwisha, mama," alisema. "Ameanza kuamka. Imekwenda vizuri. Mtamwona baadaye kidogo."

Bishara alishukuru. Alimshukuru tena. Alikaa, akasimama, akatoka nje kwenye mwanga, akavuka barabara, na ndipo alipohisi njaa iliyokuwa imekaa ndani yake kwa miezi. Palikuwa na mama aliyekaanga viazi karai kwenye mafuta yanayochemka. Bishara alinunua pakiti, akasimama pale pale kivulini kwa yule mama akala kimoja kimoja, vikiwa vya moto, vikimchoma ulimi, mafuta yakimtiririka kidoleni. Hakujihesabia. Alinunua pakiti ya pili.

Simu ikalia. Alikuwa Hanan.

"Mama? Mama, vipi? Mbona husemi?"

Bishara alimeza.

"Babako ni mzima," alisema. "Ngoja nimalize kutafuna, nikueleze."